Mkwe wa Ifakara na Kibali cha Miezi 24

Ifakara, katika Bonde la Kilombero, ni mji uliozoea wageni wa kazi. Mwaka 1949 mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, Rudolf Geigy, alifika hapa akitafuta mahali pa kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Aliwakuta wamisionari Wakapuchini wamekwisha kuota mizizi. Mwaka 1957 Waswisi wakafungua maabara yao ya utafiti, na maabara hiyo ikakua, ikabadili majina, ikaingia mikononi mwa Watanzania, mpaka mwaka 2008 ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana dunia nzima kwa utafiti wa mbu na malaria. Kazi hazikuishia maabara: kule Kidatu kuna viwanda vya sukari na bwawa la umeme. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita bondeni mpaka Mlimba na kuendelea nyanda za juu. Barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita karibu 67, nayo ilijengwa na mkandarasi wa kigeni.

Kazi hizi zote zilileta madaktari, wahandisi, mafundi na wanafunzi wa shahada za uzamivu. Watu wakikaa mahali pamoja miaka miwili, mitatu, wanajuana, wanapendana, wanatuma washenga. Halafu linakuja swali ambalo wazee wa pande zote mbili mara nyingi hawalifikirii siku ya kupokea mahari: binti wa Ifakara akiolewa na mgeni aliyeingia nchini kwa kibali cha kazi, mume huyo anaishi Tanzania kwa haki ya nani?

Anaishi kwa haki ya mwajiri wake.

Utaratibu uko hivi. Chini ya sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wasio raia, mgeni hawezi kufanya kazi yoyote nchini bila kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Madaktari na wataalamu wengine wa afya wamewekwa katika daraja la taaluma maalumu, na wale wa mashirika ya dini na ya hisani wana daraja lao. Kibali hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24, kisha kinaombewa upya. Mwajiri anatakiwa aonyeshe mpango wa Mtanzania atakayerithi nafasi hiyo. Sheria hiyo ilipotungwa iliweka ukomo wa miaka 5 kwa mwajiriwa wa kawaida, na hata ukomo ukisogezwa mbele, kibali kinabaki kitu chenye mwisho. Baada ya kibali cha kazi ndipo Idara ya Uhamiaji inatoa kibali cha ukaazi daraja B, chenye jina la mwajiri. Mgeni akiacha kazi ile au akiachishwa, kibali kile kinakufa pamoja na ajira.

Watu wa Ifakara wanalielewa hili kwa maneno mawili tu: mradi umeisha. Utafiti una mfadhili, mfadhili ana bajeti, na bajeti ina tarehe. Wakati mwingine hata tarehe hiyo haifiki. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya afya katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, ilisimama ghafla, na waliokuwa na mikataba ya miaka wakajikuta wakihesabu wiki.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuguzi wa Mlabani, hapa Ifakara, ameolewa na mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani. Wamefunga ndoa kanisani, wana mtoto wa miaka miwili, wanaishi mtaa wa Kibaoni katika nyumba iliyojengwa kwa jina la mke. Na kwa jina la mke ni lazima, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mradi wa mume umeisha. Mke ni raia, anakaa. Mtoto ni raia, maana sheria yetu ya uraia inamtambua mtoto kupitia mama sawasawa na kupitia baba. Baba peke yake ndiye wa kuondoka, au wa kutafuta haraka karatasi nyingine ya kumbakiza.

Sasa geuza mfano huohuo. Muuguzi ni mwanamume wa Mlabani, na mtaalamu wa wadudu ni mwanamke wa Kijerumani. Hapa sheria inabadilika sura kabisa. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kinasema kwamba mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Hahesabiwi miaka ya kukaa nchini. Atalazimika kuukana uraia wake wa kwanza, kwa sababu Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima, lakini mlango upo na umeandikwa katika sheria.

Kwa mume mgeni hakuna kifungu kama hicho. Akitaka uraia, anapanga foleni na wageni wengine wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema. Miaka 7 ya ukaazi halali, wakati kibali chake cha kazi kinapimwa kwa miezi 24! Katikati hapo kinachobaki ni pasi ya mtegemezi kupitia mke wake, na pasi hiyo haimpi ruhusa ya kufanya kazi. Akitaka kuajiriwa au kufungua duka la vipuri vya pikipiki pale stendi, lazima arudi tena kwenye mlango wa kibali cha kazi.

Tofauti hii si haki, na isemwe hivyo bila kuzungukazunguka. Mwana wa kiume wa Wandamba, kabila la bonde hili, akioa ng'ambo, serikali inamwambia mlete mkeo, atakuwa mwenzetu. Dada yake, aliyezaliwa tumbo moja naye na anayelipa kodi ileile, anaambiwa mumeo ni mgeni wa mwajiri. Sheria inaendeleza fikra ya kwamba mwanamke humfuata mume, na nyumba ni pale alipo mwanamume. Fikra hiyo haifanani na maisha ya Bonde la Kilombero, ambako wanawake wanalima mpunga, wanaendesha mashine za kukoboa, wanasomesha watoto na wanajenga. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985, na mwaka 2016 kamati inayosimamia mkataba huo iliitaja kasoro hii hii ya Sheria ya Uraia katika maoni yake kwa Tanzania. Katiba yetu pia inakataza ubaguzi wa jinsia katika ibara ya 13.

Wenzetu wa kusini mwa Afrika walikwisha kulipeleka jambo hili mahakamani, na habari zao zinafaa kusikika Ifakara.

Botswana palikuwa na mwanasheria kijana, Unity Dow, aliyeolewa mwaka 1984 na Mmarekani, wakaweka makazi Mochudi. Walikuwa na mtoto mmoja kabla ya ndoa na wawili baada yake. Kwa sheria ya wakati ule, mtoto wa kabla ya ndoa alikuwa Mbotswana, na wale wawili wa ndani ya ndoa hawakuwa, kwa kuwa walifuata uraia wa baba. Katika kiapo chake Unity Dow alieleza hofu ambayo mke yeyote wa mgeni ataitambua: vibali vya ukaazi vya mumewe vilikuwa vikitolewa kwa muda usiozidi miaka miwili kwa mara moja, na watoto walikuwa wakiishi nchini mwa mama yao kwa kutegemea kibali cha baba. Siku kibali kikikataliwa, wote wangetakiwa kuondoka. Serikali ilijitetea kwamba jamii ya Botswana ni ya mfumo dume na kwamba katiba iliacha makusudi kutaja jinsia. Mahakama Kuu iliukataa utetezi huo mwaka 1991, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Mwaka 1995 sheria ya uraia ikarekebishwa. Mama huyo baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Botswana.

Tanzania katika hili la watoto iko mbele ya Botswana ya zamani, na ni jambo la kujivunia. Ila kwa waume, kisa kinachotuhusu zaidi kiko Zimbabwe. Mwaka 1994 wanawake watatu raia wa Zimbabwe, katika shauri linalojulikana kwa jina la Rattigan, walilalamika kwamba waume zao wageni wamenyimwa ruhusa ya kuishi nchini. Hawakujenga hoja yao juu ya haki za waume. Walisema: sisi ni raia, katiba inatupa haki ya kwenda na kuishi popote ndani ya nchi yetu, na mkimfukuza mume mnatulazimisha kuchagua kati ya ndoa na nchi. Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Anthony Gubbay ikakubaliana nao. Mwaka huohuo, katika shauri la Salem, mahakama ikaenda hatua moja mbele: mume huyo aruhusiwe pia kufanya kazi, kwa kuwa mke asiyeweza kusaidiwa na mumewe kulisha nyumba atalazimika kuondoka hata kama mume ana kibali cha kukaa. Ni hoja yenye nguvu sana, na imesimama juu ya maisha ya kila siku ya jikoni na ya ada za shule. Kwa bahati mbaya bunge la Zimbabwe liliibomoa kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 1996. Lakini ibara ya 17 ya katiba yetu inampa raia wa Tanzania haki ileile ya kwenda na kuishi popote nchini, na mwanasheria wa Morogoro au Dodoma anaweza kuichukua hoja hiyo kesho asubuhi.

Na kwa aliye karibu zaidi, Kenya ilimaliza ubishi huu kwa katiba yake ya mwaka 2010. Ibara ya 15 inampa haki ya kuomba uraia mtu yeyote aliyeishi katika ndoa na Mkenya kwa miaka isiyopungua 7, awe mume au mke. Mtu anaweza kuiona miaka 7 kuwa mingi. Angalau wanaosubiri ni wote.

Kuna njia mbaya ya kuleta usawa, na ni vizuri kuitaja ili tusiangukie humo. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza iliwabagua wanawake watatu waliozuiwa kuishi na waume zao wageni, wakati wanaume waliweza kuwaleta wake zao kwa wepesi. Uingereza ikatii hukumu kwa kuwaondolea wanaume nafuu waliyokuwa nayo, wote wakawa sawa katika ugumu. Kilombero haiombi mke wa Kijerumani anyimwe alichonacho.

Tugeukie upande wa pili, maana siku hizi vijana wa bondeni nao wanatoka. Watafiti wa Ifakara wamekuwa wakisoma Basel kwa miongo kadhaa, na wauguzi waliofunzwa hapa wanatafuta ajira Uingereza na Ghuba. Wanakwenda na viza za masomo au za kazi, na huko nao wanapenda na kupendwa. Hapo wanakutana na mambo ambayo ndugu nyumbani hawayajui, na ushauri wa vikao vya simu mara nyingi unawapotosha.

Uingereza kwa mfano. Aliye na viza ya kazi ya mfanyakazi mwenye ujuzi, akioa au akiolewa na Mwingereza au mkaazi wa kudumu, anaweza kuomba viza ya mwenza akiwa hukohuko. Aliyeingia kwa viza ya matembezi hana ruhusa hiyo. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 kipato kinachotakiwa kimepanda kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka, lakini mshahara wa mwombaji mwenyewe unahesabiwa ikiwa yuko nchini na ana ruhusa ya kufanya kazi. Hiyo ni nafuu kubwa ambayo mtu aliyerudi nyumbani kuombea Dar es Salaam anaipoteza. Viza hiyo ya kwanza ni ya miezi 30, na mwenye nayo anaweza kufanya kazi kwa mwajiri yeyote. Kwa muuguzi aliyefungwa kwa mwajiri mmoja mkali, huo ni ukombozi wa kweli.

Ila kuna gharama iliyojificha. Miaka aliyokaa kwa viza ya kazi haihamii kwenye hesabu ya viza ya mwenza. Aliyekwisha kumaliza miaka kadhaa kazini na amekaribia kufikia ukaazi wa kudumu, akibadili leo, anaanza tena sifuri. Huyo ashauriwe kuvumilia kama mwajiri anavumilika. Aliyefika juzi, ambaye kazi yake inayumba, abadili mapema. Akipoteza kazi kwanza, kwa kawaida hubakiwa na siku 60 tu. Na akiomba kabla viza ya kazi haijaisha, masharti ya viza ile yanaendelea kumlinda mpaka jibu litoke. Akichelewa hata siku moja baada ya muda kwisha, kinga hiyo hana.

Australia inafanya kwa namna nyingine. Mwenye viza ya muda ya kazi akiomba viza ya mwenza akiwa ndani ya nchi, anapewa viza ya kuvushia, ya kusubiria jibu. Wengi hudhani siku wanayoipata wamekwisha kuachana na mwajiri. Sivyo. Viza ya kuvushia inalala mpaka ile ya kazi ifike mwisho, na wakati wote huo sharti la kumfanyia kazi mdhamini mmoja linaendelea. Ikishaanza kutumika, mtu akisafiri kuja msibani Ifakara bila kuomba kwanza viza ya kuvushia ya aina inayoruhusu kurudi, anajifungia mlango nyuma yake. Ada ya maombi imepita dola 9,000 za Australia, na huirejeshewi kirahisi ukikosea.

Uswisi, nchi yenye undugu wa miaka mingi na Ifakara, inampa mwenza wa Mswisi haki ya kibali cha ukaazi ili mradi wanaishi pamoja. Ndoa ikivunjika kabla ya miaka 3, haki hiyo inatikisika. Binti anayekwenda huko kwa mume ajue hilo kabla ya kupanda ndege, na mama yake pia alijue, ili siku mambo yakiharibika asimwambie mwanawe tu avumilie bila kujua anamwambia avumilie mpaka lini.

Nchi zote hizi zinadai ushahidi wa uhusiano, na sehemu kubwa ya ushahidi huo inapatikana hapahapa bondeni. Wengine wanaishi pamoja bila cheti. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, ina dhana ya ndoa: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Uingereza nayo inawakubali wenza wasiooana ambao uhusiano wao wa kama mume na mke umedumu miaka miwili, na Australia kwa kawaida inataka miezi 12. Hata hivyo afisa wa London haoni majirani wa mtaa wa Lipangalala. Anaona karatasi: mkataba wa pango wenye majina mawili, barua ya mtendaji wa mtaa, miamala ya benki na ya simu, kadi ya kliniki ya mtoto yenye jina la baba, picha zenye tarehe. Vitu hivi watu huvitupa kila wanapohama nyumba.

Kwa wanaotaka cheti, tangazo la ndoa hutolewa siku 21 kabla ya kufunga. Ndoa ya kimila imewekwa kwa wanaotoka katika jamii zinazofuata mila, kwa hiyo mgeni asitegemee mahari na ngoma peke yake. Afunge ndoa ya serikali au ya dini, kisha wahakikishe imesajiliwa kwa wakala wa serikali wa usajili, RITA. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kichukuliwe mapema, na majina yalingane herufi kwa herufi na pasipoti. Kwa familia nyingine kama ile ya Kibaoni, yenye kibali cha daraja B kinachoisha mwakani, maombi ya pasi ya mtegemezi yaanze kushughulikiwa mradi ukiwa bado hai na mwajiri bado anajibu barua, na nakala za vibali vyote vya zamani zihifadhiwe, kwa sababu siku mume atakapoomba tajnisi, miaka yake 7 itahesabiwa kutoka humo.